Mwanya Kati ya Chembe Mbili

Jaribio lililoitoa nje ya maabara kazi ya kunasa mabaki ya dawa kwa nuru na chembe za dhahabu lilifanywa juu ya ganda la chungwa. Mwaka 2010 Li Jianfeng, Tian Zhongqun na wenzao wa Chuo Kikuu cha Xiamen, katika mji wa bandari wa kusini-mashariki mwa China, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyomulika kwa leza chungwa safi na chungwa lililochafuliwa kwa parathioni, dawa ya wadudu yenye sumu kali. Mashine ilichora picha ileile kwa yote mawili: kilele kimoja karibu na 1,155 na kingine karibu na 1,525. Vyote viwili ni vya karotenoidi, ile rangi inayolifanya chungwa liwe chungwa. Sumu ilikuwapo juu ya ganda na leza ilipita juu yake, lakini haikujitokeza. Kisha wakatandaza juu ya ganda lile vumbi la chembe za dhahabu, kila chembe ikiwa imevikwa ngozi nyembamba ya silika, wakamulika tena. Vikaota vilele viwili vipya, 1,108 na 1,341. Hivyo ni vya parathioni. Leza ilikuwa ya nusu miliwati tu, na mashine ilikusanya nuru kwa sekunde 30. Chungwa halikumenywa, halikusagwa wala kulowekwa katika dawa yoyote.

Habari za namna hii zikiandikwa magazetini, sifa huiendea mashine, hasa ikiwa ndogo ya kushikwa mkononi. Mashine inastahili sifa yake. Lakini aliyeifanya sumu ionekane pale ni mtu aliyesimama kando ya jiko la umeme akichemsha dhahabu, na ufundi wake ndio ninaotaka kuutazama kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo namba za mafanikio hazilisemi. Kuipata ishara kubwa mara moja si kazi ngumu sana. Kuipata ileile kesho, katika chupa nyingine, juu ya chungwa jingine, kwa mkono wa mtu mwingine, ndiyo kazi ambayo wanasayansi hawa wameitolea jasho kwa nusu karne.

Msingi wake uliwekwa Kolkata. Tarehe 28 Februari 1928, C. V. Raman akishirikiana na K. S. Krishnan alithibitisha kwamba nuru ikigonga molekuli, karibu yote hutawanyika ikiwa na rangi ileile iliyokuja nayo, lakini sehemu ndogo mno, kadiri ya fotoni moja katika milioni kumi, huiachia molekuli kiasi kidogo cha nishati na kuondoka ikiwa na rangi iliyobadilika. Kiasi kinachoachwa hutegemea atomi zilivyofungamana. Kifungo cha kaboni na nitrojeni hutikisika kwa kasi yake, kifungo cha salfa na salfa kwa kasi yake, na kila molekuli ina mkusanyiko wa mitikisiko ambao nyingine haina. Namba nilizozitaja, 1,108 na 1,341, hupima mabadiliko hayo ya rangi, zikihesabiwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Raman alianza na mwanga wa jua, vichujio vya rangi na macho yake mwenyewe, akapima vimiminika 60. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel.

Moja katika milioni kumi inatosha ukiwa na chupa nzima ya kimiminika. Kwa mabaki ya dawa shambani haifui dafu. Umoja wa Ulaya, kwa dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalumu, huruhusu miligramu 0.01 kwa kila kilo ya chakula, ambayo ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika tani 100 za matunda. Nuru ya Raman kutoka kwa kiasi kama hicho huzama kabisa ndani ya mng'ao wa ganda lenyewe. Ndiyo maana kwa miongo mingi hakuna mtu aliyeufikiria ugunduzi wa Kolkata kuwa chombo cha kukagulia mboga.

Mlango ulifunguka katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, mwaka 1974. Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walikuwa wanataka kuiona piridini iliyoshika juu ya elektrodi ya fedha. Ili molekuli nyingi zaidi zipate pa kushika, waliupasua uso wa fedha kwa umeme: wakauyeyusha kidogo, wakaurudisha, wakauyeyusha, wakaurudisha, hadi ukajaa vipele visivyoonekana kwa macho. Ishara waliyoipata ilikuwa kali, nao wakaieleza kwa wingi wa molekuli. Mwaka 1977 makundi mawili, David Jeanmaire na Richard Van Duyne wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na Grant Albrecht na Alan Creighton wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, yaliirudia kazi hiyo na kuipigia hesabu. Hesabu ikakataa. Eneo la uso lilikuwa limeongezeka labda mara kumi, ilhali ishara ilikuwa imepanda mara laki moja na zaidi. Fedha yenyewe ilikuwa inafanya kitu.

Kinachofanyika ni hiki. Ndani ya chembe ya fedha au dhahabu mna elektroni zisizofungwa na atomi yoyote. Nuru ya rangi inayolingana na ukubwa na umbo la chembe ikifika, elektroni hizo huyumba zote pamoja, na kuyumba huko hulimbikiza nguvu ya nuru pembezoni mwa chembe, katika umbali wa nanomita chache tu. Molekuli iliyokaa hapo humulikwa kuliko mahali pengine popote. Kisha inapotoa nuru yake iliyobadilika, chembe ileile huikuza nuru hiyo pia inapotoka. Ukuzaji hufanyika mara mbili, na kila mara kwa mraba wa nguvu. Kwa hiyo uga wa umeme ukipanda mara 30, ishara hupanda 30 kuzidishwa yenyewe mara nne: zaidi ya laki nane. Hakuna betri inayoongezwa wala taa kubwa zaidi inayowashwa. Ongezeko lote linatokana na umbo la chuma.

Fleischmann anakumbukwa na wengi kwa dai lake la mwaka 1989 kuhusu nishati ya nyuklia katika joto la kawaida, dai ambalo maabara nyingine hazikuweza kulirudia. Nadhani ni haki akumbukwe angalau sawa na hivyo kwa elektrodi ya 1974, ambayo imerudiwa katika maabara zisizohesabika. Miongoni mwa waliosomea kwake Southampton alikuwa kijana kutoka China, Tian Zhongqun, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1987 kisha akarudi Xiamen. Ni Tian yuleyule wa chungwa. Ufundi huu haukuenea kwa makala peke yake. Ulipita pia kwa mwalimu na mwanafunzi waliofanya kazi juu ya elektrodi moja.

Sasa twende jikoni.

Dhahabu huanza ikiwa chumvi yake imeyeyushwa katika maji, rangi ya njano hafifu. Kabla ya hapo kuna kuosha, na fundi mzuri utamjua kwa uoshaji wake. Chupa za kioo na kile kijiti cha sumaku kinachokoroga huloweshwa katika mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu tatu na asidi ya nitriki sehemu moja, ndio mchanganyiko pekee kati ya asidi za kawaida unaoyeyusha dhahabu yenyewe. Lengo ni kuondoa kila punje iliyobaki ya mpiko wa jana. Punje moja iliyosahaulika ukutani mwa chupa, au mkwaruzo mmoja kwenye kioo, huwa mahali ambapo dhahabu mpya hupakimbilia na kukua ovyo. Baada ya asidi husuuzwa kwa maji yaliyosafishwa, tena na tena, hadi pasibaki hata chembe ya asidi. Mtu asiyejua angesema muda mwingi unapotea kwenye karo.

Kisha maji ya dhahabu huchemshwa, na yakiwa yanatokota humiminwa sitreti ya sodiamu, chumvi itokanayo na asidi ileile iliyomo kwenye ndimu. Njia hii ilisanifiwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, na mwaka 1973 G. Frens akaonyesha kwamba ukubwa wa chembe hutawaliwa na kiasi cha sitreti: ukiweka nyingi, chembe nyingi huzaliwa kwa pamoja na kubaki ndogo, ukiweka kidogo, chache huzaliwa na kunenepa. Kwa chembe za nanomita 55 za aina iliyotumika Xiamen, maelekezo ni mililita 1.4 ya sitreti ya asilimia moja katika mililita 200 za maji ya dhahabu. Matone machache zaidi, na chembe si zile tena.

Humiminwa kwa mara moja, haraka, huku sumaku ikizunguka kwa kasi, ili chembe zote zizaliwe karibu wakati mmoja. Kwa muda mfupi njano hupotea na maji huwa meupe, kama vile hakuna kilichotokea. Kisha kijivu huingia, kijivu huwa buluu iliyokolea, buluu huwa zambarau, na zambarau hupanda kuwa nyekundu ya mvinyo. Mpika halua wa Unguja hahitaji saa ukutani. Huijua saa ya kuepua kwa jinsi mwiko unavyovutika na samli inavyojitenga pembeni. Mchemsha dhahabu naye ana vipimo vyake vilivyoandikwa, lakini muulize na atakiri kwamba kabla ya kipimo huitazama rangi. Nyekundu iliyo safi ni habari njema. Nyekundu yenye uzambarau, au yenye ukungu ukiinua chupa kwenye dirisha, inamwambia kwamba chembe zimepishana ukubwa, au zimeanza kushikana, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Michael Faraday aliiona nyekundu hii kabla ya wote hawa. Mwaka 1857 aliueleza umma wa wanasayansi wa London jinsi dhahabu iliyokatwa vipande vidogo mno inavyogeuza rangi ya nuru, na chupa zake alizotengeneza wakati huo bado zimehifadhiwa katika Royal Institution mjini humo. Aligundua pia kwamba ukiongeza chumvi ya kawaida, nyekundu hugeuka kuwa buluu. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha sababu. Katika chupa za leo, sitreti huziacha chembe zikiwa na chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea mbalimbali. Chumvi huufunika msukumo huo, nazo zikaanza kugusana. Ni jambo dogo la kitabuni, lakini ndilo linalobeba kila kitu kinachofuata.

Maana chembe moja, peke yake, si mkuzaji mkubwa. Nguvu kubwa kabisa iko kati ya chembe mbili zilizokaribiana bila kuungana, katika mwanya wa nanomita moja au mbili. Humo nuru hubanwa kutoka pande zote mbili. Molekuli iliyobahatika kuingia mwanyani husikika kuliko maelfu yaliyokaa nje. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha katika jarida la Science kipimo ambacho, kwa maoni yangu, kila mtu anayeingia katika kazi hii angepaswa kukiandika ukutani: katika uso wa fedha walioupima, sehemu zenye nguvu kupita kiasi zilikuwa 63 tu katika kila milioni, na hizo 63 peke yake zilitoa asilimia 24 ya ishara yote.

Fikiria maana yake kwa mkaguzi wa chakula. Robo ya anachokiona hutoka sehemu chache kiasi kwamba akisogeza leza kidogo tu, huenda akaziacha nje au akazikuta mbili zaidi. Kilele kikipanda maradufu hajui kama dawa imeongezeka au mianya imeongezeka. Hapa ndipo makala nyingi zenye kutangaza kwamba zimeona kiasi kidogo kupita chochote kilichowahi kuonekana zinaponipoza. Kuona kidogo sana mahali pamoja ni jambo la kufurahisha. Kumwambia mkulima kwamba shehena yake imezidi kiwango ni jambo la riziki ya mtu, na haliwezi kutegemea bahati ya mwanya.

Njia za kuitawala bahati hiyo ndizo zinazonivutia zaidi, kwa kuwa nyingi ni za unyenyekevu. Wengine huongeza chumvi kwa kipimo kilekile na kuhesabu sekunde kabla ya kumulika, kwa kuwa mshikamano unaanza mara tu chumvi inapoingia na hausubiri mtu. Ikiwa mapema, mianya haijaumbika. Ukichelewa, mafungu yameshakuwa mazito na kuzama chini ya chupa. Wengine huzilaza chembe juu ya kioo, karatasi au utando wa plastiki kwa mpangilio mmoja. Wapo wanaochanganya molekuli ya pili wanayoijua kiasi chake, wasome kilele cha dawa kwa kukilinganisha na kilele cha mwenzake, ili mwanya ukiwa na nguvu au ukiwa dhaifu uwaathiri wote wawili sawa. Na karibu kila mwenye busara hupima sehemu nyingi za sampuli moja, kisha huchukua wastani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopendeza kwenye kichwa cha habari.

Kazi ya Xiamen ilikuja na jibu la aina yake, nalo ni lile vazi la silika. Dhahabu ikiwekwa wazi juu ya ganda la tunda hushika kila inachokikuta: asidi za tunda, protini, uchafu wa mikono. Pia chembe zikigusana wazi huungana na mwanya hufa. Kwa hiyo kila chembe huvalishwa silika, kitu kilekile kinachotengeneza mchanga na kioo. Kwanza hutiwa kemikali inayoshika dhahabu kwa upande mmoja na silika kwa upande wa pili. Kisha huongezwa sodiamu silikati, na chupa huingizwa katika maji ya moto ya nyuzi 90. Silika hujenga polepole juu ya dhahabu. Vazi linalotakiwa ni la nanomita mbili hadi nne. Likizidi sana, molekuli iliyo nje iko mbali na nguvu ya dhahabu na ishara hufifia, kwa kuwa uga ule hupungua kwa kasi kwa kila nanomita. Likipungua, huwa na matundu. Chembe zenyewe ni ndogo hivi kwamba ukizipanga mstari mmoja zinahitajika zaidi ya milioni 18 kufikisha mita, na fundi anatakiwa kuzivika zote nguo moja isiyo na tundu hata moja.

Atajuaje kama kuna tundu? Hapa pana kitu kinachonifurahisha kila ninapokirudia. Hutia piridini, molekuli ileile ya Southampton. Piridini hupenda dhahabu kwa nguvu. Ikipata tundu dogo kwenye vazi hupenya na kushika, na mashine huonyesha vilele vyake mara moja. Vilele visipoonekana, vazi limeziba. Molekuli iliyoufungua mlango mwaka 1974 sasa inatumika kuhakikisha kwamba milango imefungwa.

Ni lazima niseme pia dawa gani hukubali kukamatwa na zipi hukataa, kwa sababu ukisoma juu juu utadhani zote ni sawa. Thiramu, dawa ya ukungu inayotumika kwenye mbegu na matunda, ndiyo kipenzi cha watafiti. Ina kifungo cha salfa na salfa katikati. Ikifika kwenye fedha au dhahabu kifungo hicho hukatika, na kila nusu hujibandika kwenye chuma kwa salfa zake. Kilele chake karibu na 1,380 hupanda wima, hakifichiki. Ndiyo maana njia mpya nyingi hujaribiwa kwanza kwa thiramu, na ndiyo maana sivutiwi sana na njia iliyojaribiwa kwa thiramu pekee. Dawa za jamii ya DDT, zenye klorini na zinazopenda mafuta kuliko chuma, hazina cha kujishikiza. Kwa hizo inabidi chembe zipakwe kwanza tabaka la molekuli zenye mkia wa mafuta ili dawa iingie humo. Nta ya tofaa huifunika dawa isifikiwe. Majani mabichi yana umbijani unaong'aa chini ya leza na kuufunika mnong'ono wa Raman. Fedha, ambayo hukuza kuliko dhahabu, huchakaa ikikaa hewani na chupa ya mwezi uliopita si ya kuaminiwa. Anayekagua mchicha na anayekagua chungwa wana kazi mbili tofauti ingawa mashine ni moja.

Njia ambayo sheria inaitegemea bado ni ile ya kusaga sampuli, kuitoa dawa kwa kimiminika, kuitenganisha kwa kromatografia na kupima uzito wa molekuli zake. Njia hiyo ni sahihi na ni imara, na sioni sababu ya kuiondoa. Inachokosa ni haraka, na haraka si anasa kwa mazao mabichi. Kenya inalijua hili vizuri. Mabaki ya dimethoeti yalipopatikana kwenye mishiri, yaani maharagwe machanga ya maganda, na njegere zilizopelekwa Ulaya, Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia mwaka 2013 asilimia 10 ya shehena hizo zikaguliwe mpakani. Mishiri huchumwa ikiwa michanga, na kila siku inayopita ikisubiri jibu la maabara inakula thamani yake. Wakulima wadogo ndio walioumia kwanza, kwani mnunuzi mwenye hofu hukimbilia shamba kubwa analoweza kulisimamia mwenyewe. Chombo kinachoweza kuchuja shehena bandani, kikaruhusu zilizo safi na kuzipeleka maabara zenye shaka tu, kingekuwa na kazi ya kufanya Kirinyaga au Arusha. Lakini kwa sharti lilelile la chupa: chembe za leo ziwe sawa na za mwezi ujao. Mkulima aliyekataliwa mzigo ana haki ya kuomba upimwe tena, na jibu la pili lifanane na la kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo chembe hizi hufanya na ambalo kusaga hakuwezi kulifanya kirahisi. Ukisaga tunda unajua lina dawa kiasi gani, lakini umeshapoteza habari ya mahali dawa ilipokuwa. Chembe za dhahabu huikuta dawa ilipo. Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kikundi cha Lili He kiliitumia sifa hiyo mwaka 2017 kujibu swali la jikoni: ni kitu gani huosha dawa kwenye tofaa? Walipaka matofaa ya Gala dawa mbili, thiabendazoli ya kuzuia ukungu na fosmeti ya kuua wadudu, wakayaacha kwa saa 24, kisha wakayaosha kwa maji ya bomba, kwa dawa ya klorini inayotumika viwandani, na kwa magadi ya kuokea, miligramu 10 katika kila mililita ya maji. Magadi yalishinda. Ilichukua dakika 12 kuimaliza thiabendazoli iliyokuwa juu ya ganda na dakika 15 kuimaliza fosmeti. Muda huo ni mrefu kuliko mtu yeyote anavyoosha tofaa kabla ya kulitia mdomoni.

Kisha wakatafuta kilichobaki, wakikipima kwa chembe za dhahabu na kuthibitisha kiasi kwa kromatografia. Asilimia 20 ya thiabendazoli ilikuwa imeshapenya ndani, hadi mikromita 80 chini ya uso. Fosmeti ilikuwa imeingia asilimia 4.4 tu, na haikuvuka mikromita 20. Thiabendazoli ni dawa inayosafiri ndani ya mmea, na molekuli yake ni ndogo kuliko ya fosmeti, ambayo kazi yake ni kukaa juu na kumngoja mdudu. Ile iliyokwisha kuingia haikutolewa na magadi wala na klorini. Kuiondoa kunahitaji kisu cha kumenyea, na pamoja na ganda hutupwa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ambazo ndizo zilizomfanya mtu anunue tofaa badala ya juisi yake.